Miguu ya Mgonjwa wa Moyo

Katika miaka ya 1960, mgonjwa aliyefika Charity Hospital mjini New Orleans, Marekani, akiwa na moyo uliotanuka na miguu iliyovimba, aliweza kuandikiwa tiba moja kubwa: alale. Si wiki mbili, wala mwezi. Daktari George Burch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tulane waliwaweka wagonjwa wa namna hiyo kitandani kwa miezi mfululizo, baadhi yao mwaka mzima. Mfupa uliovunjika hufungwa mbao usicheze. Moyo haufungiki mbao, basi akafungwa mwenye moyo.

Ni rahisi kuwacheka leo. Lakini Burch alikuwa miongoni mwa mabingwa wa moyo walioheshimika sana nchini mwake, na alikuwa na ushahidi mkononi: picha za eksirei za mioyo iliyokuwa imetanuka kupita kiasi na ambayo, baada ya miezi ya kulala, ilikuwa imenywea. Baadhi ya wagonjwa hao walikuwa wanywaji wakubwa wa pombe, na wodini pombe haikuwepo, kwa hiyo mtu angeweza kuuliza kama kilichoponya ni kitanda au ni kukosekana kwa chupa. Dawa nazo zilikuwa chache. Kulikuwa na dijitalisi, inayotokana na mmea uliotumiwa na madaktari tangu karne ya 18, na kulikuwa na dawa za kumfanya mgonjwa akojoe maji yaliyozidi mwilini. Daktari asiye na dawa hutoa alicho nacho, na kitanda kilikuwepo.

Ugonjwa wenyewe unajulikana na kila aliyewahi kumuuguza mzazi mwenye moyo mgonjwa. Moyo unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha. Maji hujaa mapafuni na kushuka miguuni, viatu havivaliki, ngazi chache humwisha mtu pumzi, na usiku anaongeza mto juu ya mto ili apate kupumua. Kwa hesabu ya kawaida, mtu ambaye moyo wake umeshindwa hata anapokaa hapaswi kuongezewa mzigo wa kutembea. Hesabu hiyo ilitawala vitabu vya udaktari kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Kilichokuja kuipindua si dawa mpya. Ni watu kuacha kuukodolea macho moyo peke yake na kuanza kuitazama miguu.

Ajabu ni kwamba wazo la kumtembeza mgonjwa lilikuwa la kale kuliko kitanda cha Burch. William Heberden, daktari wa London aliyechapisha mwaka 1772 maelezo maarufu ya maumivu ya kifua yanayomshika mtu akitembea, aliacha kumbukumbu ya mgonjwa mmoja aliyejipangia kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, na karibu apone kabisa. William Stokes wa Dublin, katika kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu magonjwa ya moyo, alishauri matembezi ya kuongezwa kidogo kidogo. Hawa wawili waliona na kuandika tu. Aliyeligeuza wazo hilo kuwa tiba yenye utaratibu ni Max Joseph Oertel wa München.

Oertel, katika miaka ya 1880, aliwapandisha wagonjwa vilima. Aliwapunguzia maji ya kunywa, akawapangia chakula, kisha akawapeleka kwenye njia zilizopimwa mwinuko: wa kwanza tambarare, wa pili unapanda kidogo, na kuendelea hadi mlimani. Mgonjwa alipanda daraja kadiri pumzi ilivyomruhusu. Aliamini kwamba moyo ni msuli kama misuli mingine, na msuli hujengwa kwa kutumiwa. Miji ya mapumziko ya milimani, kama Meran huko Tirol, ilitengeneza njia za aina hiyo na kuvuta wageni wenye fedha. Huko Bad Nauheim, kaskazini ya Frankfurt, ndugu wawili, August na Theodor Schott, walikuwa na mtindo wao: kuoga katika maji ya chemchemi yenye gesi, na kufanya mazoezi ya viungo huku msaidizi akizuia mkono au mguu wa mgonjwa kwa upole. Miongoni mwa waliokwenda Nauheim mara kadhaa alikuwa tajiri wa New York aitwaye James Roosevelt, mwenye moyo mgonjwa, ambaye mwanawe Franklin, rais wa baadaye wa Marekani, alisoma kwa muda katika shule ya mji huo kabla hajawa mtu wa kusikika.

Tiba hizo zilikuwa za matajiri, na zilichanganya mambo mengi mno. Nani angejua kama kilichosaidia ni kilima, ni maji, ni chakula, au ni kuwa mbali na kazi? Zilififia, na sayansi iliyokuja baada yake ndiyo iliyomrudisha mgonjwa kitandani.

Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alieleza jinsi mshipa wa moyo unavyoziba ghafla na mtu asife papo hapo. Sasa mshtuko wa moyo ulikuwa na maelezo, na swali likawa: kidonda kilichobaki moyoni kinapona kwa muda gani? Mwaka 1939 Kenneth Mallory, Paul Dudley White na mwenzao Salcedo-Salgar walichapisha uchunguzi wa mioyo 72 ya watu waliofariki, wakaonyesha kwamba kovu huchukua wiki nyingi kukomaa. Madaktari wakapiga hesabu: kama kovu linahitaji wiki sita, mgonjwa naye alale wiki sita. Alilishwa kwa kijiko, akaoshwa na muuguzi, akakatazwa hata kujigeuza mwenyewe. Damu iliganda katika mishipa ya miguu isiyotumika, bonge likasafiri hadi mapafuni, mtu akafa. Ripoti zilisema amekufa kwa moyo.

Walioanza kunong'ona kinyume hawakuwa wengi. Mwaka 1944 Samuel Levine wa Boston aliandika kuhusu madhara ya kumlaza mgonjwa wa moyo. Hoja yake iliwahusu hasa wale wenye maji mapafuni: mtu akilala chali, damu iliyokuwa miguuni hurudi kwa wingi kifuani, na moyo dhaifu unapata kazi zaidi, si pungufu. Mgonjwa aliyekuwa akiamka usiku na kukaa dirishani alikuwa amejitibu vizuri kuliko aliyelazimishwa kurudi kulala. Mwaka uo huo William Dock naye aliandika dhidi ya kitanda, na mwaka 1947 Richard Asher, daktari wa London mwenye kalamu ya kuchekesha, akachapisha makala kuhusu hatari za kwenda kitandani ambayo madaktari wanaisoma hadi leo. Wengi walicheka, kisha wakaendelea kuwalaza wagonjwa.

Levine hakuishia kwenye makala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Peter Bent Brigham, alimpa msaidizi wake kijana, Bernard Lown, kazi isiyopendeza: kuwaketisha kwenye kiti cha kuegemea watu waliopata mshtuko wa moyo, siku za mwanzo kabisa. Lown, Myahudi aliyezaliwa Lithuania na kuhamia Marekani na familia yake kabla ya vita, alisimulia baadaye kwamba madaktari vijana wa wodi waliona jambo hilo kama majaribio juu ya binadamu, na kwamba vile viti vikubwa vilipoingizwa wodini walimpokea kwa saluti ya Kinazi. Sipati picha ya jambo ambalo lingemchoma zaidi mtu kama yeye. Lakini wagonjwa hawakufa kwa kuketi. Walilala vizuri usiku, walihitaji dawa chache za kutuliza, wakaacha kujihesabu maiti. Matokeo ya wagonjwa 81 yalichapishwa mwaka 1952, na kiti kikaanza kusogea kutoka Boston kwenda hospitali nyingine.

Mwaka uliofuata ukaja ushahidi kutoka mahali pasipotarajiwa: ndani ya mabasi ya ghorofa ya London. Jerry Morris na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wapatao 31,000 wa shirika la usafiri la jiji hilo na kukuta kwamba madereva, waliokaa siku nzima, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka mamia ya ngazi za basi kwa zamu moja. Mshahara haukutofautiana sana, mtaa ni ule ule, chakula ni kile kile.

Kisha akaugua rais wa Marekani. Septemba 1955 Dwight Eisenhower alipata mshtuko wa moyo akiwa Denver, na aliyeitwa kumshauri alikuwa Paul Dudley White, yule yule wa utafiti wa mwaka 1939. White alikuwa amebadilika. Mwenyewe aliendesha baiskeli akiwa mtu mzima, na alimhimiza rais kutembea, kurudi kwenye gofu, na kurudi kazini. Eisenhower aligombea tena mwaka 1956 na akashinda. Taifa zima lilijifunza kwenye magazeti kwamba moyo ulioumia si lazima uwe mwisho wa shughuli. Eisenhower aliishi hadi 1969, na kilichomuua hatimaye ni moyo kushindwa kufanya kazi, ugonjwa ambao hata White angesita kuutembeza.

Maana hapo ndipo mpaka ulipowekwa. Kufikia miaka ya 1970, aliyepona mshtuko wa moyo aliweza kufanya mazoezi. Huko Toronto, Terence Kavanagh aliwafundisha baadhi ya wagonjwa wake hadi wakakimbia mbio za marathoni. Mwenye moyo uliotanuka na miguu iliyovimba alibaki nje ya uzio. Kwake yeye mazoezi yaliandikwa kwenye orodha ya mambo ya hatari.

Wakati huo huo kitanda chenyewe kilikuwa kimeshapimwa. Mwaka 1966, mjini Dallas, Bengt Saltin kutoka Sweden pamoja na Jere Mitchell na wenzao waliwalaza vijana watano wa miaka 20, wazima wa afya, kwa wiki tatu. Walipoamka, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya robo. Mazoezi ya takriban miezi miwili yaliwarudisha walikokuwa na kuwavusha hapo. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta wanaume wale wale, sasa wana miaka 50, wengine wamenenepa, wakawapima upya. Hakuna hata mmoja ambaye miaka 30 ya kuzeeka ilikuwa imemnyang'anya uwezo kama zile wiki tatu za kitanda. Sasa mfikirie mgonjwa wa New Orleans na mwaka wake mzima.

Ufa wa kwanza katika uzio ulitokana na hesabu iliyokataa kulingana. Kama tatizo la mgonjwa huyu ni moyo kushindwa kusukuma, basi mwenye moyo dhaifu zaidi ndiye angetembea umbali mfupi zaidi. Mwaka 1981 Joseph Franciosa na wenzake walipima vyote viwili, nguvu ya moyo uliotulia na uwezo wa mtu kwenye mazoezi, na hawakuona uhusiano. Wapo waliokuwa na moyo mbovu kabisa wakatembea vizuri, na wenye moyo wa afadhali wakaishiwa pumzi upesi. Mwaka 1985 Gordon Guyatt na wenzake nchini Kanada walikitumia kwa wagonjwa hawa kipimo chepesi ajabu: tembea kwenye korido kwa dakika sita, tuone umefika wapi. Kipimo hicho hakiulizi moyo una hali gani. Kinauliza mtu anaweza nini.

Mwaka 1988 Martin Sullivan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Carolina Kaskazini, walivuka uzio huo. Walichukua wagonjwa 12 ambao mioyo yao ilisukuma takriban robo tu ya damu iliyomo kila inapopiga, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Waliwafanyisha mazoezi kwa miezi kadhaa, na uwezo wa kutumia oksijeni ukapanda kwa asilimia 23. Moyo wenyewe ulibadilika kidogo mno. Damu iliyofika miguuni iliongezeka, na misuli ikajua kuitumia.

Furaha haikudumu hata mwaka. Mwaka huo huo kutoka Edmonton, Kanada, Bodh Jugdutt aliripoti kwamba baadhi ya watu wenye kovu kubwa upande wa mbele wa moyo walizidiwa baada ya mazoezi, moyo ukapoteza umbo. Waliosema kila siku kwamba mazoezi yataua wakapata cha kushika. Ilibidi Waitaliano wakiongozwa na Pantaleo Giannuzzi walirudie swali hilo kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura, nao mwaka 1993 wakaonyesha kwamba moyo wenye kovu kubwa huendelea kutanuka iwe mtu anafanya mazoezi au hafanyi. Mazoezi hayakuwa mkosaji.

Katikati ya mabishano hayo kuna utafiti mdogo ninaoupenda kuliko yote. Mjini Oxford, Andrew Coats, kijana kutoka Australia, akiwa na Peter Sleight na wenzao, waliwapa wagonjwa 11 baiskeli za mazoezi wakakae nazo nyumbani. Wiki nane za kupiga pedali dakika 20, siku tano kwa juma. Wiki nane za kupumzika. Kila mgonjwa alipitia vyote viwili, kwa mpangilio wa kura, ili ajilinganishe na nafsi yake. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1990. Walipokuwa wakipiga pedali, wagonjwa waliweza zaidi na kuhema kidogo. Walipopumzika, faida ilipotea. Na hayo yote yalifanyika sebuleni, kwa watu ambao kitabu kilisema wasithubutu.

Coats akauliza kwa nini, na jibu alilolijenga miaka ya 1990 ndilo lililoeleza hesabu ya Franciosa. Moyo ukishindwa, mtu hupunguza kutembea. Msuli usiotumika hukonda, vinu vyake vidogo vya kuzalisha nguvu, mitokondria, hupungua, na msuli huo huchoka mapema. Ukichoka hupeleka ishara kwenye ubongo kupitia neva: hema zaidi, kaza mishipa, harakisha moyo. Mishipa ikikazwa, moyo dhaifu unasukuma dhidi ya mlango uliobanwa na unazidi kudhoofika, mtu anazidi kukaa, msuli unazidi kukonda. Sehemu kubwa ya kuhema kule ilikuwa inaanzia mapajani. Rainer Hambrecht na wenzake wa Leipzig walikata vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na baada ya miezi sita ya mazoezi, wakavitazama kwa hadubini, na mwaka 1995 wakaonyesha kwamba mitokondria zilikuwa zimeongezeka.

Kilichobaki ni swali ambalo mgonjwa huuliza kwanza na watafiti huuliza mwisho: nitaishi zaidi? Mwaka 1999 Romualdo Belardinelli wa Ancona, Italia, alitoa jibu lililosisimua. Kati ya wagonjwa 99 waliofuatiliwa, walikufa 9 katika kundi la mazoezi na 20 katika kundi lingine. Ni tofauti kubwa mno kwa watu wachache hivyo, na wenye busara walisubiri utafiti mkubwa.

Ulikuja, na uliwakata wengi maini. Christopher O'Connor wa Duke aliongoza utafiti wa wagonjwa 2,331 katika vituo 82 vya Marekani, Kanada na Ufaransa, ulioanza 2003 na kuchapishwa 2009. Nusu walipata mazoezi 36 chini ya usimamizi, kisha wakapewa mashine wakaendelee nyumbani. Nusu nyingine wakapata huduma ya kawaida. Waliokufa au kulazwa walikuwa asilimia 65 upande wa mazoezi na 68 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haikusimama hadi waliporekebisha hesabu kwa kuzingatia hali ya wagonjwa walipoanza. Magazeti yalisema mazoezi yameshindwa.

Mimi nasoma matokeo hayo kwa jicho jingine. Kwanza, hofu ya karne nzima ilizikwa: watu zaidi ya elfu moja wenye mioyo dhaifu walifanya mazoezi kwa miaka na hawakufa zaidi ya wenzao, na walijisikia vizuri zaidi. Pili, walitakiwa kufanya dakika 120 kwa wiki nyumbani, na mwaka wa kwanza ulipokuwa ukiisha, aliyekuwa katikati ya orodha alifanya kama 74. Waliofikisha kiwango walikuwa takriban theluthi moja. Dawa ambayo theluthi mbili hawaimezi kikamilifu isilaumiwe haraka.

Yaliyofuata ni marekebisho. Huko Trondheim, Norway, Ulrik Wisløff aliwashangaza wengi mwaka 2007 kwa kuwafanyisha mazoezi wazee wa wastani wa miaka 75 dakika nne nne kwa nguvu nyingi, na uwezo wao ukapanda kwa asilimia 46. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2017, katika nchi kadhaa za Ulaya, halikuona mazoezi makali yakishinda mwendo wa wastani. Mwaka 2014 bima ya wazee ya serikali ya Marekani ilikubali kuwalipia mazoezi ya utengamao wagonjwa wa moyo kushindwa, miaka mitano baada ya utafiti uliosemwa umefeli. Nchini Uingereza, kwa kuwa wagonjwa wengi hawafiki hospitali kwa mazoezi, watafiti walitengeneza mpango wa nyumbani wenye kitabu cha mwongozo, matembezi, mazoezi ya kufanya umekaa kitini, na nafasi ya ndugu anayemuuguza. Mwaka 2019 waliripoti kwamba maisha ya wagonjwa yaliboreka.

Kwetu Afrika Mashariki picha ya mgonjwa ni tofauti. Utafiti wa Abel Makubi na wenzake katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, uliochapishwa 2014, ulikuta wagonjwa 427 wa moyo kushindwa wenye wastani wa miaka 55, karibu nusu yao wakiwa wameletwa huko na shinikizo la damu. Huyu si mstaafu wa Oxford mwenye sebule ya kuweka baiskeli. Ni mtu ambaye bado anatafuta, ana watoto shuleni, na nauli ya kwenda hospitali mara tatu kwa wiki ni fedha ya unga. Ndiyo maana jaribio lililofanyika Eldoret, Kenya, katika hospitali ya rufaa ya Moi, lina uzito kuliko ukubwa wake: wagonjwa wa moyo kushindwa, wengine wakifanya mazoezi hospitalini, wengine nyumbani kwao, ili ionekane kama nyumbani panatosha. Matembezi ya dakika sita kwenye korido yanahitaji mita 30 za sakafu, saa, na mtu wa kuhesabu, na hospitali nyingi za wilaya zina vitu hivyo tayari. Wasichokuwa nacho wengi ni mtu anayemwambia mgonjwa, siku anaporuhusiwa kwenda nyumbani na dawa zake kwenye mfuko, atembee kiasi gani kesho asubuhi, na dalili gani zikimpata asimame.